Ndugu Wawili na Fedha ya Kila Mwezi

Wazee husema kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Maana yake ni kwamba mtu wa nje asijitie katika ugomvi wa ndugu, kwani watapatana wenyewe, na yeye ataachwa na aibu yake. Maneno haya ni ya kweli. Lakini uko ugomvi mmoja ambao ni shida kuumaliza, kwa sababu hauna kelele. Huo ni ugomvi wa fedha baina ya ndugu wapendanao.

Katika nyumba nyingi za Kenya yupo ndugu mmoja aliyepata kazi mjini, na yupo mwingine nyumbani anayengojea fedha yake. Mwezi ukiisha fedha huja. Mwenye kuipeleka husema moyoni mwake, "Nampenda ndugu yangu, ndiyo sababu najinyima." Mwenye kuipokea husema moyoni mwake, "Ndugu yangu aniona mzigo." Maneno hayo mawili hukaa kimya miaka mingi, kila moja mahali pake. Kisha siku moja, siku ya matanga au siku ya kugawana shamba, hutoka yote kwa pamoja, nayo hutoka kwa hasira.

Mazungumzo ya leo ni juu ya ndugu wawili wa Ulaya waliopatwa na jambo hilo hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kisa chao chajulikana sana kwa sababu waliandikiana barua, nazo nyingi zimebaki mpaka leo. Mkubwa aliitwa Vincent van Gogh, na mdogo aliitwa Theo. Leo picha za Vincent zimo katika majumba makubwa ya sanaa duniani, na matajiri hushindana kuzinunua. Lakini alipokuwa hai, tangu siku alipoanza kazi ya kuchora hata siku ya kufa kwake, alikula chakula kilichonunuliwa kwa mshahara wa mdogo wake.

NYUMBA YA MCHUNGAJI

Baba yao, Theodorus, alikuwa mchungaji wa kanisa la Kiprotestanti katika kijiji cha Zundert, kusini mwa Uholanzi, karibu na mpaka wa Ubelgiji. Vincent alizaliwa tarehe 30 Machi 1853, na Theo tarehe 1 Mei 1857. Watoto waliokua katika nyumba ile walikuwa sita, wavulana watatu na wasichana watatu. Mchungaji hakuwa tajiri, lakini baadhi ya nduguze walikuwa wafanya biashara ya picha, na mmoja wao alikuwa na sehemu katika kampuni kubwa ya Goupil. Kwa njia ya ami huyo Vincent alipata kazi katika duka la kampuni hiyo mjini The Hague mwaka wa 1869, akiwa na umri wa miaka 16. Theo naye aliingia kazi hiyo hiyo mwaka wa 1873, kwanza mjini Brussels, akiwa na miaka 15.

Mwaka wa 1872 Theo alikuwa amekwenda The Hague kumtembelea mkubwa wake. Wakatembea pamoja kwa miguu mpaka kwenye kinu cha upepo cha Rijswijk, na huko wakanywa maziwa. Ni jambo dogo, lakini Vincent alilikumbuka na kulitaja katika barua zake baadaye. Tangu mwaka ule wakaanza kuandikiana.

Theo aliendelea vizuri katika kazi yake, akapandishwa cheo, hata akawa msimamizi wa tawi moja la kampuni mjini Paris. Vincent hakuendelea. Alipelekwa London, kisha Paris, na mwaka wa 1876 akaachishwa kazi. Akafundisha shule Uingereza, akauza vitabu Uholanzi, akaanza masomo ya kuwa mchungaji kama baba yake, akayaacha. Mwishoni mwa mwaka wa 1878 akaenda Borinage, nchi ya migodi ya makaa ya mawe huko Ubelgiji, kuwahubiria wachimbaji maskini. Akawagawia nguo zake, akalala juu ya majani makavu katika kibanda. Wakuu wa kazi ile waliona kwamba amepita kiasi, na mwaka wa 1879 hawakumpa ruhusa ya kuendelea.

Agosti mwaka huo Theo alikwenda kumwona. Alikuwa na miaka 22, amevaa nguo safi, ana mshahara wake. Mkubwa wake alikuwa na miaka 26, hana kazi wala kiatu kizuri. Theo akamwambia kwamba amebadilika, si yule wa zamani, na kwamba yafaa ajipatie riziki. Katika barua aliyoandika baada ya siku ile, Vincent alizitaja kazi alizoshauriwa: karani wa hesabu, mwanafunzi wa seremala, mwoka mikate. Yaonekana wazi kwamba maneno hayo yalimchoma. Mkubwa kuonywa na mdogo wake ni jambo chungu katika nchi yo yote. Basi Vincent akanyamaza, na karibu mwaka mzima hakumwandikia ndugu yake.

FEDHA ILIYOFICHWA

Aliyeuvunja ukimya ule alikuwa Theo, wala hakuuvunja kwa maneno. Mwaka wa 1880 alipeleka faranga 50 nyumbani kwa wazazi ili apewe Vincent. Vincent alizipokea, akalazimika kuandika kushukuru. Barua yake ya shukrani ni ndefu sana. Asema ndani yake kwamba amepokea fedha ile bila furaha. Ajifananisha na ndege aliyefungwa katika tundu, ambaye watu humwita mvivu, naye ajua kwamba liko jambo analoweza kulifanya, ila hajui ni lipi. Mwaka huo huo akalijua: aliamua kuwa mchoraji.

Tangu hapo alikaa akijifunza kuchora, na wazazi wake wakamsaidia kwa fedha. Mwaka wa 1881 baba yake akamwambia habari ambayo hakuijua: fedha ile nyingine ilikuwa yatoka kwa Theo, ambaye kwa muda alikuwa akiipeleka pasipo yeye kujua.

Hapa msikilizaji afikiri kidogo. Kwa nini Theo aliificha? Huenda alitaka kumwepusha mkubwa wake na aibu. Huo ni upendo. Lakini mtu anayegundua kwamba amelishwa kwa siri hupata mambo mawili kwa pamoja: hujua kwamba anapendwa, na hujua kwamba anahurumiwa. Jambo la kwanza humfurahisha, na la pili humdhili. Vincent aliyapata yote mawili, na maisha yake yote hakuweza kulitenga moja na lingine.

Fedha ikawa ya kila mwezi. Vincent alipohamia The Hague, baada ya kugombana na baba yake siku ya Krismasi ya mwaka wa 1881, Theo alimpelekea faranga 100 kwa mwezi, kisha 150. Huko Vincent akamwingiza nyumbani mwake mwanamke maskini aitwaye Sien Hoornik, aliyekuwa na mtoto mmoja na mimba ya mwingine, wala hana mume. Kwa miezi kadhaa Vincent hakumwambia Theo habari hii, kwa maana aliogopa kwamba fedha itakatwa. Mwezi wa Mei 1882 akaungama. Theo hakupendezwa, akamshauri asimwoe mwanamke huyo, lakini fedha hakuikata hata mwezi mmoja.

Tazameni jinsi mambo yalivyokuwa. Theo hakumtisha ndugu yake, walakini ndugu yake aliishi kwa hofu. Mkono unaopokea hujifunza kuficha, hata kama mkono unaotoa haukukunja ngumi. Alaye cha mwenziwe hudhani kwamba kila neno la mwenziwe ni amri, na kila kimya chake ni hasira.

SADAKA AU MSHAHARA?

Mwanzoni mwa mwaka wa 1884 Vincent alikuwa amerudi kukaa kwa wazazi wake, katika kijiji cha Nuenen. Alikuwa na miaka 30 na watu wa kijiji walimwona kama mtu asiye na kazi. Akamwandikia Theo shauri: kuanzia sasa fedha ya kila mwezi isiwe sadaka, iwe malipo. Yeye atapeleka kazi zake Paris, nazo zitakuwa mali ya Theo. Hivyo ataweza kumwambia kila aulizaye kwamba anajipatia chakula chake kwa jasho lake.

Shauri hili lilikuwa jema, tena la mtu mwenye heshima. Ndugu wengi wangeepukana na fitina kama wangeulizana mapema: fedha hii ni zawadi, au ni mkopo, au ni ujira? Lakini kwa hawa wawili lilifungua mlango wa lawama mpya. Maana Vincent alisema, kama umenunua picha zangu, mbona huziuzi? Akamshutumu Theo kwamba hajauza hata moja, na kwamba hajaribu. Aliandika maneno makali, mengine ya kuumiza sana. Theo naye alijua jambo ambalo mkubwa wake hakutaka kulisikia: picha za Nuenen zilikuwa nyeusi na nzito, picha za wakulima na wafumaji wa nguo, na wanunuzi wa Paris hawakuzitaka. Wachoraji wapya wa mji ule walikuwa wakitumia rangi nyangavu.

Basi kila mmoja alikuwa na haki yake. Mmoja alisema, "Nakupa fedha, nawe wanitukana." Mwingine alisema, "Wanipa fedha, lakini huiamini kazi yangu." Huu ndio ugomvi wa fedha baina ya ndugu: juu yake ni hesabu, na chini yake ni swali moja, nalo ni hili, "Je, waniheshimu?"

CHUMBA KIMOJA PARIS

Mapema mwaka wa 1886 Vincent alifika Paris bila kutoa habari. Alimpelekea Theo kikaratasi tu, kwamba amngojea katika jumba la Louvre. Wakakaa pamoja miaka miwili, wakahamia nyumba ya mtaa wa Lepic katika kilima cha Montmartre. Vincent akajifunza rangi mpya, na kazi yake ikageuka kabisa. Lakini kukaa naye kulikuwa taabu. Alibishana usiku, alichafua nyumba, wageni wakaacha kuja.

Theo alimwandikia dada yao Willemien kwamba maisha ya nyumbani yamekuwa karibu hayavumiliki. Alisema kwamba katika Vincent ni kana kwamba wamo watu wawili: mmoja mwenye kipaji cha ajabu na moyo mpole, na mwingine mwenye kujipenda na moyo mgumu, nao hupingana, hata yeye mwenyewe huwa adui wa nafsi yake. Dada alimshauri amwache. Theo hakumwacha. Alijibu kwamba ndugu yake ni mchoraji wa kweli, na kwamba ameanza kumsaidia, basi ataendelea.

Jambo la kusikitisha ni hili: maneno mema kama hayo Theo alimwandikia dada yake. Vincent aliyekuwa chumba cha pili hakuyasikia. Ni desturi ya ndugu wengi kumsifu ndugu mbele ya watu wengine, na kumwonya tu akiwapo mwenyewe.

FARANGA HAMSINI NDANI YA BAHASHA

Februari 1888 Vincent aliondoka, akaenda Arles, mji wa kusini mwa Ufaransa wenye jua kali. Huko alifanya kazi kwa nguvu ambayo bado watu wanaistaajabia. Alichora mashamba ya ngano, maua ya alizeti, nyumba ya rangi ya manjano aliyoikodi, na watu wa mji. Theo alimpelekea fedha, na zaidi ya fedha alimnunulia rangi na vitambaa vya kuchorea Paris, akavituma. Barua nyingi sana za Vincent huanza kwa namna moja: ashukuru kwa barua, na kwa noti ya faranga 50 au 100 iliyokuwa ndani yake.

Vincent alijua thamani ya fedha ile. Aliandika kwamba rafiki yake Roulin, mtumishi wa posta, alilea watoto watatu kwa faranga 135 kwa mwezi. Yeye peke yake alipewa zaidi ya hizo, tena rangi mbali. Kwa hiyo hakuacha kuhesabu. Alihesabu picha alizopeleka, akahesabu bei ambayo huenda zingepata siku moja, akatoa deni, na kila mara deni likazidi. Wakati mmoja aliandika kwamba atairudisha fedha ya ndugu yake, au ataitoa roho yake.

Oktoba 1888 Theo alimjibu juu ya habari ya deni. Ni moja katika barua chache za Theo zilizobaki. Alimwambia kwamba amesikia akitaja deni na nia ya kulilipa, lakini deni hilo yeye halijui. Analolitaka ni kwamba Vincent asisumbuliwe tena na mashaka hayo. Kama anataka kumfanyia jambo, basi aendelee kama zamani kuwakusanyia wachoraji na marafiki, kwa maana hilo Theo mwenyewe peke yake hawezi kamwe kulifanya.

Maneno hayo yalikuwa ya dhahabu. Theo alikuwa akisema, "Usidhani ni mimi tu ninayetoa. Nawe wanipa, na unachonipa sikipati mahali pengine." Yaonekana kwamba Vincent aliyasoma, walakini hayakumwingia. Mtu aliyezoea kujiona mdaiwa miaka minane haponi kwa barua moja.

Theo ndiye aliyefanya shauri na mchoraji Paul Gauguin aende kukaa na Vincent, ili asiwe pweke, naye Gauguin alilipwa faranga 150 kwa mwezi kwa kutoa picha moja. Hawakupatana. Tarehe 23 Desemba 1888 Vincent alishikwa na ugonjwa wa akili, akajikata sikio. Theo alikuwa siku zile zile amekubaliana kumwoa Johanna Bonger, binti wa Amsterdam. Alipopata habari, mkesha wa Krismasi, aliiacha furaha yake akapanda gari moshi la kwenda Arles, akamwona ndugu yake hospitalini. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, Vincent alikwenda kwa hiari yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Rémy. Gharama alilipa Theo.

MTOTO NA JINA LAKE

Theo na Johanna walioana Aprili 1889, na tarehe 31 Januari 1890 wakapata mtoto mwanamume. Wakamwita Vincent. Theo aliandika kwamba wamempa jina la ami yake, na kwamba amwombea mtoto awe na moyo wa kushika jambo na ushujaa kama wake. Fikirini: yule aliyejiona mzigo wa nyumba, ndugu yake alitamani mwanawe awe kama yeye. Vincent akamchorea mtoto matawi ya mlozi yenye maua meupe juu ya mbingu ya samawati.

Mwaka huo huo picha yake ya shamba la mizabibu ilinunuliwa Brussels kwa faranga 400, na watu wenye maarifa walianza kulitaja jina lake. Mambo yalikuwa yakielekea kupata nafuu. Mwezi wa Mei Vincent alitoka hospitalini, akapita Paris kumwona mtoto, kisha akaenda kukaa Auvers, kijiji kisicho mbali na Paris, karibu na daktari aitwaye Gachet.

Ndipo fedha ilipoleta neno la mwisho. Mwishoni mwa Juni mtoto wa Theo alikuwa mgonjwa, Theo mwenyewe alikuwa amechoka, na wakuu wa kampuni yake hawakumtendea vema. Akamwandikia Vincent kwamba anafikiri kuacha kazi na kuanza biashara yake mwenyewe. Hakusema, "Sitakupelekea fedha tena." Alikuwa akimwambia ndugu yake shida zake, kama ndugu wafanyavyo. Lakini tarehe 6 Julai Vincent alipokwenda Paris, aliwakuta wote wana wasiwasi, na mazungumzo yalikuwa ya uchungu. Akarudi Auvers upesi. Akaandika kwamba tufani iliyowatisha imemlemea yeye pia, na kwamba aliogopa kwamba kuwategemea kumekuwa mzigo kwao. Johanna alimwandikia barua ya kumtuliza, na Theo aliona kwamba kutokuelewana kule hakukuwa jambo kubwa. Akaendelea kupeleka faranga 50 kama kawaida.

Kwa mmoja jambo lilikuwa dogo, na kwa mwingine lilikuwa kubwa kama mlima. Tarehe 27 Julai 1890 Vincent alijipiga risasi. Theo aliitwa, akaja mbio, akakaa kando ya kitanda chake. Vincent alikufa usiku wa kuamkia tarehe 29, akiwa na miaka 37. Si haki kusema kwamba fedha ndiyo iliyomwua, kwa maana alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wa namna ile wataka matibabu kama ugonjwa mwingine wo wote. Lakini ni haki kusema kwamba alikwenda na fikira isiyo ya kweli, kwamba mdogo wake angepata raha bila yeye.

Ukweli ulionekana upesi. Theo hakupata raha. Alikuwa mgonjwa tayari, na huzuni ikamzidishia. Mwezi wa Oktoba akapatwa na ugonjwa mkali, na tarehe 25 Januari 1891 akafa mjini Utrecht, akiwa na miaka 33. Ndugu hawa walipishana miezi sita tu kuingia kaburini.

BARUA ISIYOPELEKWA

Vincent alipokufa alikutwa na barua kwa Theo ambayo hakuipeleka. Asema ndani yake kwamba siku zote amemwona Theo kuwa zaidi ya mfanya biashara ya picha, na kwamba kwa njia yake yeye, Theo ana sehemu katika kuzitengeneza picha zenyewe. Hili ndilo neno ambalo Theo angestahili kulisikia miaka kumi. Lilimfikia wakati ambapo hakuwa na mtu wa kumjibu.

Aliyeyaokoa yote ni Johanna. Katika nyumba nyingi mke wa ndugu husingiziwa kwamba ndiye aletaye utengano. Mama huyu alikuwa mjane wa miaka 28, ana mtoto asiyetimiza mwaka, na nyumba iliyojaa picha ambazo watu wachache walizitaka. Akahamia Bussum huko Uholanzi, akaweka wageni wa kulipa ili apate riziki, akazitunza picha za shemeji yake na barua zake. Mwaka wa 1914 akazichapisha barua za Vincent kwa Theo. Mwaka huo huo akaihamisha mifupa ya mumewe kutoka Utrecht, ikazikwa Auvers kando ya kaburi la Vincent. Makaburi yale mawili yamefunikwa na mmea mmoja utambaao, hata ukiyatazama ni kama kaburi moja. Mtoto aliyepewa jina la ami yake alikua akawa mhandisi, akaishi mpaka mwaka wa 1978, na kwa kazi yake na ya mama yake picha zile zimo katika jumba la makumbusho la Amsterdam lililofunguliwa mwaka wa 1973.

Barua za Vincent kwa Theo zilizobaki zapita 650. Za Theo kwa Vincent ni kama 40 tu. Theo alizitunza barua alizopata. Vincent hakufanya hivyo. Kwa hiyo dunia imesikia zaidi malalamiko ya mpokeaji, na kidogo sana majibu ya mtoaji. Hivyo ndivyo ilivyo hata katika nyumba zetu: anenaye husikiwa, na atoaye kimya hudhaniwa kwamba hana moyo.

Mabibi na Mabwana, kisa hiki chafundisha mambo matatu. La kwanza, fedha baina ya ndugu ipewe jina lake tangu mwanzo. Kama ni zawadi, isemwe ni zawadi, wala isikumbushwe. Kama ni mkopo, uandikwe na siku ya kulipa ijulikane. Kama ni ujira wa kulima shamba, kujenga nyumba au kuwatunza wazee, uitwe ujira, na anayeupokea asionekane mwombaji.

La pili, mwenye kupokea asikisie moyo wa mwenye kutoa. Aulize. Na mwenye kutoa asidhani kwamba noti iliyo ndani ya bahasha yatosha kusema kila kitu. Noti husema, "Kula." Haisemi, "Nakuheshimu." Neno hilo halina budi kusemwa kwa kinywa au kuandikwa kwa mkono, tena si kwa dada wala kwa jirani, bali kwa ndugu mwenyewe.

La tatu ni kwamba maneno mema hayafai kuwekwa akiba. Fedha huwekwa akiba ikazaa faida. Neno la upendo likiwekwa huchelewa, likamkuta mwenyewe hayupo. Theo alipeleka faranga 50 mara nyingi, nazo zote zilifika. Neno la Vincent lilikuwa moja tu, nalo lilibaki kwake bila kupelekwa.